Miaka sita wananisifia keki, kumbe ni unga wa pakiti

Habari yako anti. Naomba jina langu lisitokee popote maana wifi zangu nao wanapenda kusoma safu yako, na hili likiwafikia kabla sijajipanga nimekwisha. Najua linaweza kuonekana la kijinga ukilinganisha na barua unazoandikiwa za ndoa kuvunjika, lakini mimi linaninyima usingizi kweli kweli.

Nimeolewa mwaka wa saba sasa. Mara ya kwanza kwenda kwa mama mkwe baada ya harusi sikutaka niende mikono mitupu, nikaoka keki. Wakati huo sijui kuoka kabisa, nikachukua ule unga wa keki wa pakiti, unaweka mayai, mafuta na maji, unakoroga, unaingiza kwenye oveni basi. Ikatoka nzuri ajabu, laini, imechambuka. Mama akala kipande, akaongeza cha pili, akaniuliza "hii umepika mwenyewe mwanangu?" Nikasema ndiyo mama. Na kweli si nilipika mwenyewe anti, nani mwingine alikoroga? Ila nilijua kabisa alichokuwa anauliza.

Toka siku hiyo mimi ndo fundi keki wa ukoo. Bethdei, kipaimara, mtu amefaulu, mtu amejifungua, simu inapigwa kwangu. Nimejiongeza sana kwenye mapambo, aisingi naijua, krimu naijua, maua naweka, ila keki yenyewe ndani ni pakiti mwanzo mwisho. Vipakiti navichana vipande vidogo vidogo natupa usiku. Mume wangu anajua, yeye anacheka tu, anasema unga ni unga.

Sasa shida ilipoanzia. Kuna mke wa shemeji yangu, tumeolewa nyumba moja, yeye kaingia miaka mitatu baada yangu. Huyu mwenzangu anaoka za kwake kuanzia mwanzo, anapima unga, siagi anaipiga na sukari kwa mwiko mpaka mkono unauma, na keki zake mara nyingine zinakuwa nzito, mara zinapasuka juu, siku nyingine nzuri tu. Lakini mama kila akila ya kwake lazima aseme "si uende kwa mwenzio akufundishe, mbona yeye hashindwi?" Anasema kwa utani, watu wote wanacheka, na yeye anacheka, ila mimi namwangalia machoni naona kabisa linamuuma. Na mimi nakaa kimya anti. Nakaa kimya nakula.

Mama anatimiza miaka 70 baada ya miezi miwili. Kikao cha familia kimekaa, keki napika mimi, na mwenzangu atakuja kwangu tupike pamoja kuanzia mwanzo ili ajifunze mara moja yaishe. Kaniambia ameshanunua daftari. Daftari anti!

Nikasema basi ngoja nijifunze kimya kimya kabla hajaja. Nimejaribu mara tatu, zote aibu. Ya kwanza niliweka beking pauda mara mbili ya iliyoandikwa ili iumuke vizuri, ikapanda kweli, nikafungua oveni dakika ya kumi na tano niione, mwishoni ikadidimia katikati kama bakuli. Ya pili nikaipiga na miksa sana, karibu dakika kumi baada ya kuweka unga, maana nilitaka ilainike, ikatoka inavutika kama mpira na ina mashimo marefu ndani. Ya tatu siagi ilikuwa ngumu na mayai nimeyatoa kwenye friji hapo hapo, mchanganyiko ukakatika kama maziwa yaliyoharibika, nikalazimisha hivyo hivyo, keki ikawa tofali. Nililia jikoni peke yangu nikiwa nimeshika mwiko.

Mtu mzima nalia kwa sababu ya keki. Hata mtoto wa huyo mwenzangu anayesumbuliwa na maziwa, keki zangu ndo anakula kwa raha kwa sababu natumia mafuta na maji tu, juu yake simpakii krimu, ingawa mara mbili tatu alitoka vipele tukajua ni joto. Yaani hadi mtoto ananiamini mimi kuliko mama yake.

Niambie anti. Niseme ukweli nidharauliwe? Nijifunze haraka niwahi? Au siku ikikaribia niseme oveni imeharibika?

Mpishi wa pakiti

JIBU

Mdogo wangu, asante kwa kuniandikia, na wala usione aibu kuleta barua ya keki. Wanaolia jikoni wameshika mwiko ni wengi, hawaandiki tu.

Kabla sijafika popote nianze na kitu ulichokiandika mwishoni kwa haraka ukakipita. Mtoto. Unasema keki yako haina maziwa kwa sababu unatumia mafuta na maji. Hivyo ndo vitu unavyoongeza wewe, lakini je, ndani ya pakiti mna nini? Baadhi ya unga wa aina hii unakuwa na maziwa ya unga au mabaki ya maziwa yaliyokaushwa, mwingine una soya. Mimi sijui pakiti yako na wala sisemi vipele vilitokana na keki, inawezekana ni joto kweli. Lakini mama yake akiulizwa na daktari mtoto alikula nini, atajibu "keki ya mwenzangu, haina maziwa", na atakuwa anasema kitu ambacho hata wewe huna uhakika nacho. Mengine yote kwenye barua yako nitakuachia uamue mwenyewe, hili tu ndo nitakushikilia. Soma maandishi madogo ya pakiti, kama maziwa yamo mama wa mtoto ajue wiki hii, asisubiri bethdei. Na kama hayamo, bado mwambie uangalie naye, kwa sababu mtoto ni wake.

Haya, turudi kwenye lako. Nikikuelewa vizuri, ulijibu "ndiyo" moja ya haraka ukiwa bi harusi mgeni unayetaka kupendwa, na ile ndiyo ikazaa bethdei, kipaimara na cheo cha fundi keki, mpaka sasa imefika kwenye daftari. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo sana, hata sijui kama niuite uongo. Kilichokua ni kila kitu kilichojengwa juu yake.

Lakini nimesoma barua yako mara tatu na kuna kitu nataka nikuulize. Unaandika kama unayemwogopa ni mama mkwe, mbona ukifika kwa mama mkwe unapita haraka, ukifika kwa mwenzio ndo unasimama? Macho yake umeyaona. Mkono wake unaouma umeuona. Daftari limekuchoma. Inawezekana kinachokunyima usingizi siyo kwamba mama atajua umetumia pakiti, ni kwamba kuna mtu amepimwa kwa rula ambayo wewe na mumeo tu mnajua imekatwa. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo unajijua. Nakuuliza tu kwa sababu ukijua unamwogopa nani hasa utajua pia ni nani wa kuzungumza naye kwanza.

Jambo la pili, umejiita mpishi wa pakiti kama vile ni tusi. Hapo nakupinga kidogo. Unga wa keki wa pakiti siyo wa juzi, kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh huko Marekani ilipata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya unga wa namna hiyo mwaka 1933, na 1935 ikapata nyingine ya unga ambao mpishi anaongeza mayai mabichi mwenyewe. Kwa hiyo hilo swali la "nimepika au nimekoroga tu" limekuwa jikoni karibu miaka mia. Na tukitaka kuwa wakali kabisa, hata beking pauda anayotumia mwenzio ni njia ya mkato. Mfamasia mmoja wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mke wake hakuwa anapatana na hamira, na kabla ya hapo, 1837, alishamtengenezea unga wa kastadi usiotumia mayai kwa sababu mayai nayo yalikuwa yanamdhuru. Mimi hicho kisa nakipenda sana, mwanaume kakaa kwenye duka lake la dawa anahangaika mkewe naye ale pudingi. Ona basi, njia ya mkato yenyewe haijawahi kuwa dhambi. Kwa Bird ilikuwa mapenzi. Na mapambo yako, aisingi na maua, umejifunza mwenyewe na hakuna pakiti iliyokufanyia.

Tatu, unasema umejaribu ukashindwa. Hukushindwa. Ulikuwa unapika keki ya mwanzo kwa tabia ulizofundishwa na pakiti. Ule unga una vitu vinavyosaidia mafuta na maji yashikane, beking pauda imeshapimwa kiwandani, ukiupiga na miksa dakika nyingi unavumilia. Keki ya siagi haina uvumilivu huo. Ya kwanza uliizidishia beking pauda, gesi ikawa nyingi kuliko kuta za keki zinavyoweza kubeba, halafu ukaifungulia mlango ikiwa bado uji uji, lazima ikae chini. Ya pili, unga wa ngano ukishakutana na majimaji ukaendelea kupigwa unatengeneza ile nyuzi ya ngano inayovutika, nzuri kwenye mkate, mbaya kwenye keki, na yale mashimo marefu ndo alama yake. Ya tatu umeshajijibu mwenyewe kwenye barua, baridi. Siagi ngumu haishiki hewa, na yai la friji linaigandisha zaidi. Yaani keki tatu, makosa matatu tofauti, hujarudia hata moja! Mwanafunzi wa hivyo mimi namtaka.

Kama utaamua kujifunza, anza na ile ya kupima sawa kwa sawa. Vunja mayai manne, yapime bila maganda, yatakuja kama gramu 200. Basi siagi 200, sukari 200, unga 200, beking pauda vijiko vidogo viwili vya kusawazisha kwa kisu, chumvi kidogo na vanila. Tafuta mzani maana kikombe kinadanganya, unga ukiuchota kwa kuushindilia na ukiumimina polepole kikombe ni kile kile uzito mbalimbali. Siagi iwe laini kidole kinaingia lakini haijayeyuka, ipige na sukari kama dakika tano mpaka iwe nyeupe nyeupe, yai moja moja, ukiona inaanza kukatika tupia kijiko cha unga. Miksa iishie hapo. Unga uliochekechwa uchanganye kwa mwiko, ukiona mweupe umepotea acha, hata ikibaki na vijidonge. Oveni iwe imeshapata moto nyuzi 180, kama ina feni 160, chombo cha sentimita 20, na usifungue mlango kabla ya dakika thelathini hata ukiitwa na nani. Inaiva kati ya dakika arobaini na hamsini, kijiti kitoke kikavu. Kama inawahi kupasuka juu na kuwa kahawia huku ndani bado, oveni yako ina moto kuliko inavyosema, hiyo iko kwenye nyumba nyingi tu.

Na kwa ajili ya mtoto kuna rahisi zaidi isiyo na siagi wala maziwa: mayai matatu na sukari gramu 150 unapiga mpaka povu, mafuta mililita 120, juisi ya machungwa mililita 120, unga gramu 200 na beking pauda vijiko vidogo viwili, unachanganya kidogo tu, oveni ile ile kama dakika 35 hadi 40. Hii hata mtu anayetetemeka anaiweza.

Sasa kwenye kusema au kutosema. Sitakuchagulia maana mimi sitakuwa mezani siku ile, ila tuangalie njia moja moja.

Ya oveni kuharibika naiona ina umri wa wiki moja. Fundi ataitwa, au wataleta oveni nyingine, na wewe utakuwa umeongeza uongo wa pili wa kuutunza pamoja na ule wa kwanza. Uchovu wako hautapungua.

Kujifunza haraka halafu ukanyamaza inawezekana, miezi miwili inatosha kabisa kwa keki moja. Faida yake ni kwamba siku hiyo utakayomfundisha itakuwa kweli. Ila jiulize, akija na daftari akakuambia "keki yako leo ladha yake siyo ile ya siku zote", utamjibu nini? Maana siagi na pakiti ulimi unazitofautisha, na huyu mwenzio anaonekana anajua kuonja. Halafu ile miaka mitatu ya "mbona mwenzio hashindwi" itabaki pale pale haijafutwa na mtu.

Kusema mbele ya wote siku ya sherehe, kuna watu wangekushangilia, mimi inanitia wasiwasi. Siku ni ya mama, ana miaka 70, wageni wapo, halafu bethdei inageuka kikao. Na mwenzio atajikuta katikati ya jambo linalomhusu bila kuandaliwa, hata kama ni la kumtetea.

Kuna kumwambia yeye peke yake, kabla. Hii ina hatari yake usijidanganye. Anaweza kukasirika, na ana haki, anaweza akacheka mpaka akae chini, anaweza akakaa kimya wiki nzima. Anaweza pia kumwambia mama kabla yako. Wewe unamjua, ni mtu wa namna gani akiumizwa? Ukimwambia, ningeomba usianze na pakiti. Anza na kile ulichokiona machoni kwake ukanyamaza. Watu wengi wanaomba msamaha wa kosa lililo rahisi kutaja, lile lenyewe linabaki.

Na kuna moja hukuiandika kabisa, nayo ni kwamba si lazima uwe mwalimu. Umechukulia kwamba siku ile mmoja anafundisha na mwingine anaandika. Yeye ana miaka ya mwiko na mzani, wewe una mapambo, na makosa yako matatu mapya kabisa ya kumsimulia. Hiyo keki inaweza kupikwa na watu wawili ambao kila mmoja anashika anachokijua, na jina la fundi likagawanywa mezani bila hotuba. Sijui kama hilo linakutosha au utaona bado umejificha nyuma ya mtu. Pengine utaona hivyo.

Mama mkwe nimemwacha mwisho makusudi. Umesema atakudharau, lakini kwenye barua yote hakuna mahali umeonyesha mama anadharau watu, umeonyesha mama anayependa keki na mwenye utani mzito. Labda kuna mengine hukuandika. Ila kabla hujamwogopa kwa miaka sita mingine, jiulize amewahi kukuambia anakupenda kwa sababu ya keki, au hilo ulijiambia mwenyewe ile siku ya kwanza. Na mume wako asiishie kucheka pembeni, "unga ni unga" ni maneno mazuri sana, muulize kama anaweza kuyasema mama yake akiwepo.

Niandikie ilivyokwenda, hata kama keki ya nne nayo itakuwa tofali. Tofali likikatwa vipande likalowekwa kwenye mayai na maziwa au juisi likarudi kwenye oveni linageuka pudingi na hakuna atakayejua, samahani, utawaambia au hutawaambia, hiyo ni juu yako. Na mayai yatoe kwenye friji saa nzima kabla.